Kutoka mkweche hadi 250: shajara ya kutafuta pikipiki ya trayali

Jumapili, 12 Januari 2025

Pointi 86. Katika trayali pointi ni deni, mwenye nyingi ndiye wa mwisho, na leo nyuma yangu alikuwepo mtu mmoja tu, naye cheni ilimkatikia mzunguko wa pili.

Naanza kuandika kwa sababu nimeamua kubadilisha pikipiki mwaka huu, na najijua: nisipoandika nitanunua kwa macho. Niko Keighley, West Yorkshire, Uingereza, mwaka wa tatu sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu za usiku. Kabla ya hapo nilikuwa bodaboda Moshi, Boxer, njia ya Kibosho kupanda na kushuka na mikungu ya ndizi nyuma. Siku ya kwanza kuona trayali nilicheka. Watu wazima wamesimama juu ya vipikipiki visivyo na siti, wanapandisha mto wa mawe kwa mwendo wa mtu anayetembea, na pembeni kuna mwamuzi anahesabu miguu. Ukitia mguu chini mara moja, pointi moja. Mara mbili, mbili. Mara tatu au zaidi, tatu. Ukianguka, ukizima, ukitoka nje ya utepe, na kwenye klabu yetu hata ukisimama tu, umekula tano. Ukipita bila kugusa chini ni sifuri, wenyewe wanaita safi. Nikasema haya mimi nayaweza hata kwa Boxer. Wiki iliyofuata nikaazimwa pikipiki, nikala tano vipande kumi mfululizo. Kipande ni sehemu moja ngumu ya njia, iliyozungushiwa utepe.

Leo vilikuwa vipande kumi, mizunguko minne. Nimekaa jikoni na kadi yangu: safi 14, mguu mmoja mara 5, miwili mara 4, mitatu mara 6, na zile tano mara 11. Yaani 55 katika 86 zinatokana na tano peke yake. Nikazikumbuka moja moja huku chai inapoa. Saba, injini iliruka mbele kuliko nilivyotaka. Tatu, nilichagua njia mbovu. Moja, ilizima.

Mkweche wangu ni wa 2004, ukubwa wa injini cc 290, tu-stroki, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kampuni siitaji, kwa sababu kosa si lake, ni la miaka ishirini na mikono ya watu nisiowajua. Beringi za nyuma zinacheza, kabureta limechakaa, na resi yake haina katikati: ama imelala, ama imeruka.

Jumatano, 22 Januari

Nimempigia kaka yangu Moshi. Yeye ni fundi wa pikipiki tangu nikiwa darasa la tano, na nilitaka rai yake kabla sijaanza kuzunguka. Nikamtumia picha ya Beta, moja ya pikipiki za trayali.

"Siti iko wapi?"

"Haina siti, kaka."

"Abiria anakaa wapi?"

"Hakuna abiria."

Kimya. "Sasa mdogo wangu, hela yote hiyo unanunua chombo kisichoingiza hata mia?"

Tukacheka, kisha akawa fundi. Akaniambia nisiangalie rangi wala stika. Nifike mapema kuliko muda niliopatana na muuzaji, nishike injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, ameshaiamsha kabla yangu, na mtu haamshi injini nzima mapema bila sababu. Tu-stroki yenye afya inawaka ikiwa baridi kwa kiki mbili tatu.

Bajeti ni pauni 2,800, na mpya ni zaidi ya 6,000, kwa hiyo mpya hatuziongelei. Za mkononi ninazoziona zikiuzwa huku ni zilezile: Beta Evo kutoka Italia, Gas Gas na Sherco na Montesa ambazo zote zina mizizi Catalonia, Hispania, na TRRS ambayo ni ya Jordi Tarrés mwenyewe, bingwa wa dunia mara saba. Ukiwauliza watu ipi bora utadhani umewauliza Simba na Yanga. Mwenye Montesa atakutajia Toni Bou anayeiendesha, na ni kweli, hadi mwisho wa 2024 jamaa alikuwa na mataji 36 ya dunia, nusu ya nje na nusu ya ukumbini. Lakini Bou ukimpa baiskeli ya maziwa naye atapanda ukuta.

Gas Gas ina kitu kingine cha kufikiria. Iko chini ya KTM ya Austria, na KTM iliingia kwenye ufilisi wa kusimamiwa na mahakama Novemba mwaka jana. Pikipiki nzuri, vipuri vya zamani vimejaa, ila sitaki kununua kitu halafu kila asubuhi nifungue habari za Austria.

Jumapili, 2 Februari

Siku ndefu. Lazima niiandike yote.

Kuna jirani yangu, miaka 71, alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kikafungwa, na bado anacheza trayali kila Jumapili. Mimi namwita Mzee. Alipouliza maana yake nikamwambia, akanuna kidogo. Sasa anajiita hivyo mwenyewe. Leo alinipeleka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, akiwa ameomba pikipiki tatu kwa wenzake: Beta 300, Beta 200, na Montesa Cota 4RT.

Nilikwenda nikiwa nimeshajiamulia 300. Nina kilo 94, na kila mtu ameniambia mtu mzito achukue 300. Hoja inaingia akilini. Injini kubwa inavuta kutoka chini bila kupigiwa kelele, huhitaji kuchezea klachi sana, unaweka gia ya pili unapanda. Na kwa dakika kumi za kwanza, kwenye ardhi tambarare, nilijiona Dougie Lampkin. (Wa hapa hapa, jamani. Silsden ni kijiji cha pili kutoka kwetu. Babake Martin alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1975, na Dougie mwenyewe akachukua wa nje mara saba mfululizo, 1997 hadi 2003.)

Kisha Mzee akanielekeza kwenye mteremko wenye mizizi, upana wa meza, na kona ya kulia katikati. Mara ya kwanza nikapita na mguu mmoja. Mara ya pili tairi la mbele lilipiga mzizi, mwili ukarudi nyuma, na mkono ukiwa umeshika resi ukarudi pamoja na mwili. Hapo ndipo niliona kinachonitokea kila Jumapili. Siivuti resi, navutwa nayo. Pikipiki ikiruka mimi nabaki nyuma, nikibaki nyuma mkono unafungua zaidi, ikifungua inaruka zaidi. 300 ilinitupa chali kwenye matope na yenyewe ikapanda ukingo peke yake mpaka kamba ya mkononi ilipochomoka ikaizima. Asante kamba. Huku huruhusiwi kushindana bila hiyo kamba, na sasa sihitaji kuelezwa sababu.

Nikachukua 200. Mteremko uleule, mzizi uleule, kosa langu lilelile. Tofauti ni kwamba mkono ulipofungua, injini ikasema "mmm" tu, ikanipa muda wa kukaa sawa. Nikapita safi. Nikarudia mara sita, safi nne.

Kitu ambacho sikukijua: hizi mbili zina fremu ileile na uzito karibu uleule. Wala 200 si pikipiki ya watoto. Tofauti ni injini inajibu kosa lako kwa ukali gani. Pale inapopungukiwa niliona pia. Kuna kilima kirefu cha udongo ambapo 300 ilipanda kwa gia ya pili ikiwa imelala, na 200, na kilo zangu 94, ilinilazimu nianze na kasi kutoka chini, nishikilie klachi, nipige kelele zote. Nilifika juu mara moja katika tatu. Kwa hiyo wanaosema mtu mzito achukue 300 hawadanganyi, wanazungumzia kilima kile. Ila mimi kadi yangu inasema vilima vya namna ile kwenye njia ya wanaoanza ni kimoja katika kumi, na kona zenye mizizi ni sita.

Montesa nayo ni foo-stroki, ya sindano ya mafuta isiyotumia betri. Inavuta kama ng'ombe, taratibu, tairi halitelezi. Nilipenda sana kwenye matope. Kwenye kushuka ilinitisha kwa sababu ukifunga resi injini inashika breki yenyewe, na kwenye kona ya polepole ilinizimia mara tatu. Ni nzito kilo chache kuliko Beta, kilo chache ambazo huzisikii mpaka uwe umeinyanyua kutoka mtoni mara ya tano. Na bei ya iliyo nzima inapita mfuko wangu. Basi.

Tukiwa tunafunga pikipiki kwenye trela Mzee akanisimulia ya 1965. Sammy Miller, bingwa wa trayali wa enzi hizo, alikuwa ameacha Ariel, lile dude zito la Kiingereza, akahamia Bultaco ya Hispania iliyokuwa nyepesi, akashinda nayo Scottish Six Days, trayali ya siku sita ya Scotland, mwaka huo huo. "Baadaye kijana yeyote mwenye kazi alinunua Sherpa, ile Bultaco," Mzee akasema. "Nami nikanunua. Tulidhani Miller yuko ndani ya tangi."

Jumamosi, 1 Machi

Ya kwanza kwenda kuiona. Lancashire, mwendo wa saa moja na nusu. 250, picha nzuri, bei chini kuliko inavyostahili, na hiyo peke yake ilitosha kunirudisha nyumbani. Nilifika dakika 20 mapema. Injini ya moto. Nikainama kwenye shingo ya fremu kutafuta namba: imekwanguliwa na kupakwa rangi. Pikipiki nyingi za trayali huku hazina kadi ya usajili kwa kuwa haziendi barabarani, kwa hiyo ile namba ya fremu ndiyo kitambulisho pekee. Nikamwambia namsubiri mke wangu anipigie, nikaingia kwenye gari.

Jumamosi, 15 Machi

200, hii nilikuwa naitaka. Injini baridi, ikawaka kiki ya pili. Nikaomba kufungua kifuniko cha oili ya gia: rangi ya chai ya maziwa. Maji yanaingia, mara nyingi ni sili ya pampu ya maji, na kuitengeneza si kazi kubwa. Nikaomba apunguze pauni 200, akakataa, nikasema nitafikiri. (Naongeza baadaye.) Nilipomaliza kufikiri, Jumatatu, ilikuwa imeshauzwa. Nimekasirika mpaka leo. Sili ni ya bei ya kuku mmoja.

Jumamosi, 22 Machi

Nimenunua. Si 200.

Ni Beta Evo 250 ya 2014. Mwenyewe ni mama wa makamo, mwalimu mstaafu, anacheza trayali ya wakongwe, na anaiuza kwa sababu goti limekataa. Nilipofika injini ilikuwa baridi kama jiwe. Akaniambia, "Piga mwenyewe, ndiyo utakayokuwa unaipiga." Kiki tatu.

Nikafuata orodha ya kaka. Nikaiweka juu ya stuli, nikashika tairi la nyuma nikalivuta juu na chini: hakuna mchezo. Pale kwenye viungio vya shokapu ndipo maji na mchanga vinakaa, na ndipo wavivu hawapaki grisi. Nikainua mbele, nikazungusha usukani taratibu: hakuna kijishimo katikati. Spoku zote zinalia sauti moja ukizigonga na spana. Oili ya gia safi. Nikaiacha iunguruke mpaka feni ya rejeta ikawaka yenyewe, ikazima yenyewe. Nikaangalia fremu ilivyolambwa na buti, maana mlango wa bafu na fremu ya trayali havidanganyi umri: pembeni imeng'aa kidogo tu. Bamba la chini lina mikwaruzo, lakini bamba la chini lisilo na mikwaruzo limenunuliwa jana.

Kilichonifanya nisisubiri nyingine ni hiki. Miaka mitatu nyuma aliifungia uzito wa ziada kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini na kuituliza, na resi ya polepole, ile ambayo lazima uzungushe mkono zaidi ili ifungue kiasi kilekile. Stakabadhi anazo. Nikaipitisha kwenye bustani yake, kuzunguka mti wa tufaha, usukani umekunjwa mpaka mwisho. Inapumua. Si tulivu kama ile 200, ila iko karibu nayo kuliko ilivyo karibu na 300, na ina swichi ya jua na mvua, ya kuchagua ukali wa injini: ukiiweka mvua inapoa tena kidogo.

Nilitaka 200 yenye hali nzuri. Nimepata 250 yenye hali nzuri sana iliyofundishwa adabu. Alitaka 2,450, nikatoa 2,350 na ahadi kwamba nitamtumia matokeo. Namba ya fremu nimeipiga picha, na karatasi ya mauziano tumesaini wote wawili.

Alhamisi, 27 Machi

Karakana, yaani kibanda cha baiskeli cha watoto. Nimefungua viungio vyote vya nyuma na kupaka grisi hata ambavyo havikuhitaji. Oili mpya ya gia. Petroli nachanganya mililita 70 za oili kwa lita tano. Upepo: nyuma paundi 4, mbele 6. Kaka aliposikia paundi 4 alidhani simu inakatika. Kwenye Boxer hiyo ni pancha.

Usukani nimeusogeza mbele kidogo, na mikono ya klachi na breki nimeishusha na kuisogeza ndani ili kidole kimoja kifike mwisho bila kuhama. Huu ni usiku mzima wa kazi na haukugharimu senti. Kwenye mkweche sikuwahi kugusa kitu hicho hata mara moja. Niliikuta hivyo nikaiacha hivyo, kama mpangaji.

Klachi imeganda kwa kukaa. Unaweka gia, unabana klachi, unasukuma mbele na nyuma mpaka plati ziachiane, halafu ndiyo unawasha. Usipofanya hivyo itaondoka na wewe.

Jumapili, 6 Aprili

Pointi 91.

Ndiyo, zaidi ya zile za mkweche. Tano zimekuwa 13. Mke wangu ameuliza kwa upole kama pikipiki inaweza kurudishwa. Nilijifungia na kadi: kuruka kwa injini, mara mbili tu. Nyingine zote ni kuzima. Kidole changu kimezoea klachi inayoshika mwisho kabisa wa mkono, hii inashika mapema, kwa hiyo naiachia nikidhani bado nina nafasi. Ningekuwa sina kumbukumbu za Januari ningesema pikipiki mbaya, ningeiuza kwa hasara.

Mei, siku mbalimbali

Hakuna cha kuandika. Kila nikitoka zamu asubuhi, dakika 40 nyuma ya kibanda: duara ndogo, usukani umekunjwa, kulia kisha kushoto, kidole klachi, resi haisogei. Namba nane kuzunguka ndoo mbili. Watoto wa jirani walikuja kutazama siku ya kwanza, siku ya pili wakachoka.

Jumapili, 15 Juni

55. Safi 18, mguu mmoja 8, miwili 3, mitatu 7, tano 4.

Katika hizo nne, moja ni kilima. Kilima kilekile cha udongo, ambacho 300 ingekipanda imelala. Nilijua siku moja kitanidai, na leo kimenidai mara moja katika mizunguko minne. Mingine mitatu nilipita na miguu kadhaa. Mbili ni njia mbovu, za kwangu mwenyewe. Moja injini iliruka, na nakumbuka kabisa sababu: swichi ilikuwa kwenye jua, nilisahau.

Yule mama mwalimu nimemtumia kadi kwa simu. Amejibu kwa neno moja: "Kipande cha saba?" Kipande cha saba nilikula tatu mara zote nne. Kumbe yupo mtu anayesoma kadi kama mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Mkweche umeondoka. Kijana wa miaka 17 na babake, pauni 600. Niliwaonyesha beringi, kabureta, kila kitu, na nikamwambia kijana asiiguse resi mpaka aijue. Akapiga kiki mara tano, ikawaka, akaigusa. Iliondoka naye mpaka kwenye ua wa Mzee. Mzee alikuwa dirishani na kikombe chake. Chungu cha maua tumelipa pauni 15, nusu babake, nusu mimi.